Mayu Alikuwa Kisimani

Hapana shangazi, mi sikuingilia kikao cha wakubwa. Kikao ndo kiliniingilia mimi. Watu wanakaa sebuleni kwetu, kwenye makochi ambayo vitambaa vyake nimefua mwenyewe, wanaanza kumgawa mtoto wa mama yangu kama wanagawa kiwanja, halafu mi nibaki jikoni nachambua mchele? Kama hiyo ndo heshima, basi mi sina, na wala siitafuti.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu leo jioni kwenye simu. Shangazi, dada yake baba, anaishi huko ziwani anauza dagaa, na habari zilimfikia kabla hata vikombe vya chai havijaoshwa.

"Binti umemaliza fomu foo juzi tu, unasimama mbele ya baba yako mkubwa?" akaniambia. "Ulishindwa kumvuta baba yako pembeni ukamwambia taratibu?"

Nikamwambia hiyo taratibu ingemkuta mtoto yuko Kabungu. Simu ikakatika. Kakata yeye au salio limeisha, sijui.

Naandika leo leo, maana nimeona kila mtu tayari ana stori yake, na ya shangazi ina mimi natukana wazee. Sikumtukana mtu.

Mayu ni mama yangu. Yeye ni Msukuma. Bibi mzaa mama aliishi na sisi hapa Kakese mpaka alipofariki, na kwa bibi mama alikuwa haitwi kitu kingine zaidi ya mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye hajaanza hata chekechea, tumekua na neno hilo. Baba ni Mbende wa Kabungu. Na sisi anaongea Kiswahili, na akimtaja mayu anasema "mama yenu". Hakuna aliyewahi kuona shida hapo. Nyumba nyingi za huku ziko hivyo, lugha zimechanganyika kama maharage ya sokoni, na maisha yanaenda.

Mwaka jana mayu alijifungua mtoto ambaye hakulia. Mtoto wa hivyo hatukumfanyia matanga. Wanawake wachache walienda, wakarudi, wakanawa mikono, basi. Kesho yake watu walikuwa wanamuuliza mayu kama ameshapalilia. Akawa anakaa kwenye kigoda, sufuria inaungua mbele yake na haioni. Alikuwa halali. Alikuwa akiniita, nikifika anasahau alichoniitia. Majirani wakasema amerogwa. Mi nikasema twende hospitali, nikarudia mpaka baba akachoka kunisikia, tukaenda mjini. Daktari akamwambia huo ni ugonjwa kama malaria, una jina, una dawa, na watu wanapona. Mayu akaanza dawa. Polepole akarudi. Kwanza alirudi kwenye kusuka nywele, halafu kwenye kugombana na mimi, halafu shambani. Alipopandikiza mpunga mwenyewe, anaimba, nilijua tumevuka.

Ndo mama mkubwa akaja.

Mama mkubwa ni mke wa kaka yake baba. Alitoka Kabungu kuja kutusaidia mavuno, kwa sababu baba msimu mzima yuko Litapunga kwenye tumbaku na mimi nashinda mjini najifunza cherehani. Lazima niseme ukweli, nilimpenda. Anachekesha huyo mwanamke, nyie! Anaweza kumuiga mchungaji, muuza mitumba, na mbuzi aliyeona mvua. Mayu alimwita dada, na yeye alimwita mayu mdogo wangu. Hakuwahi kuzaa. Kwenye ukoo wa baba mwanamke wa hivyo hawamwachi mikono mitupu, wanampa mtoto wa ndugu alee. Mama mkubwa amepewa watoto wa ndugu mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja akishajua kujivalisha na kutumwa dukani, wenyewe wanakuja kumchukua, eti ni wakati wa shule.

Mdogo wangu alipoanza kumwita "mama mkubwa", yeye alikataa huku anacheka. "Hilo 'mkubwa' linanizeesha. We niite mama tu." Mayu alicheka, na mimi nilicheka. Mtoto akawa na mayu, akawa na mama. Tukaendelea kuanika mpunga.

Halafu vitu vikaanza kuharibika.

Mboga ya mayu ikawa na chumvi kali, haiendi mdomoni. Mama mkubwa akamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, umeweka mara mbili." Siku nyingine geti likakutwa wazi na kuku wametoka. "Mdogo wangu, si we ndo ulipita mwisho?" Nguo zikalowa mvua. Ufunguo wa stoo ukaonekana ndani ya unga. Dawa za hospitali zikaisha kabla ya siku zake, na mayu hakukumbuka kuzimeza zote. Kila mara mama mkubwa alikuwa wa kwanza kuona, wa kwanza kumshika mayu bega, na wa kwanza kumwambia jirani kwa sauti ndogo, "Tumuombee tu."

Kilichonitisha siyo chumvi. Kilichonitisha ni kumwona mayu anaanza kujikagua. Anafunga mlango, anaenda, anarudi kuushika. Anaonja mchuzi halafu ananiuliza mimi, "Una chumvi huu? Niambie ukweli." Mwanamke aliyenifundisha kupika ananiuliza kama mchuzi una chumvi. Nikawa namjibu kwa hasira, sijui hasira ya nini.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bani, kile kijumba kirefu cha tofali tulichokuwa tunakaushia tumbaku zamani, kabla baba hajahamia shamba la Litapunga. Hakitumiki. Mlango wake una komeo la nje, la juu, mtoto hawezi kulifikia. Kuna siku mimi nilikuwa mjini. Walichonisimulia nilipofika ni kwamba mama mkubwa alipiga kelele, majirani wakakimbia, wakamkuta mayu amesimama mlangoni pa bani, mkono uko kwenye komeo, analia, na mdogo wangu yuko ndani, jasho linamtiririka kama ametoka kuoga.

"Kamfungia mwanae!" mama mkubwa alikuwa anasema. "Jamani, kamfungia mwanae!"

Walimuuliza mayu kama ni yeye. Mayu akasema, "Sijui."

Wakamuuliza tena. Akasema, "Labda."

Baba alikuja kutoka Litapunga siku hiyo hiyo, kwa pikipiki, na vumbi mpaka kwenye kope. Akamuuliza mtoto nani alimfungia. Baba ndiye aliyeniambia jibu: "Kasema mama." Akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Kuanzia hapo ikawa amri: mayu asiachwe peke yake na mtoto. Mtoto akalala chumbani kwa mama mkubwa, na mimi nikaacha cherehani nikawa nashinda uani kama askari wa benki. Mayu akienda chooni namfuata kwa macho. Akimnyanyua mtoto nasimama. Alikubali kila kitu, na huko kukubali ndo kulinitoa machozi.

Kikao kilikuwa leo, watu walipotoka kanisani. Alikuja baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, kutoka Kabungu. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa, ana sauti nzito na suti moja ambayo ameivaa misiba yote ninayoikumbuka. Baba alikaa pembeni yake. Mama mkubwa alikaa kwenye kochi na mtoto karibu. Mayu alikaa chini kwenye mkeka, mlangoni. Hakuna aliyemwambia akae chini. Alichagua mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko maneno yote yaliyofuata.

"Hatumnyang'anyi mtu mtoto," baba mkubwa akaanza. "Tunasaidiana. Mtoto aende Kabungu kwa mama yake mkubwa, akae, akue. Shemeji apumzike, ajitibu. Akipona..."

"Akipona tutaona," mama mkubwa akamalizia, taratibu.

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nikaona baba anatikisa kichwa kukubali. Nikajua ndo imekwisha. Mtoto wetu angeondoka kesho, na mayu angerudi kwenye kile kigoda, na safari hii hakuna dawa ingemtoa.

Baba mkubwa ni mtu wa utaratibu, na nashukuru kwa hilo. Akataka mtoto aseme mbele ya kikao ili kesho mtu asije kusema ameonewa. Mdogo wangu alikuwa anatafuna muwa, mashavu yamejaa.

"Njoo mama," baba mkubwa akamwita, maana wazee wa huku hata mtoto wa kike wa kubebwa mgongoni wanamwita mama. "Njoo mama, usiogope. Siku ile kule bani, nani alikufungia?"

Mtoto akatema kapi la muwa mkononi. "Mama."

Baba akainamisha kichwa. Mama mkubwa akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mayu pale chini hakusogea hata kidogo.

Na mimi neno hilo likanikwama masikioni. Siku zote nilikuwa nimelisikia kwa mdomo wa baba, "kasema mama", na kwa mdomo wa baba mama ni mayu, basi. Sasa nalisikia kwa mdomo wa mwenyewe. Huyu mtoto hajawahi kumwita mayu mama. Hata kwa bahati mbaya. Dakika chache nyuma alikuwa amekuja jikoni kuniambia, "Mayu anataka maji."

"Na mayu alikuwa wapi?" nikauliza.

"Wewe," baba mkubwa akasema bila kunitazama, "weka chai utoke."

"Mayu kaenda kisimani," mtoto akajibu.

Baba akainua kichwa.

"Unasemaje?"

"Mayu kaenda kisimani na ndoo. Mama kasema tujifiche. Mama kasema nikinyamaza atanipa biskuti." Akageuka kwenye kochi, akamwangalia mama mkubwa vizuri kabisa, akakunjua kiganja chenye kapi la muwa. "Mama, hujanipa."

Nje mtu alikuwa anapita na redio kwenye baiskeli. Tuliisikia ikija, ikapita, ikaenda zake.

"Jamani mtoto huyu!" mama mkubwa akacheka. Kile kicheko chake cha siku zote, ila kilikuwa kifupi. "Kwake kila mwanamke ni mama. Hata muuza nyanya ni mama."

"Basi mwambie akuite mayu," nikasema.

"Toka nje!" baba mkubwa akafoka. Halafu akasita, akamgeukia mdogo wake. "Kwani hiyo mayu ni nini?"

Baba alijibu kama mtu anasoma kibao cha barabarani kwa mbali. "Ni mama yake. Ndivyo wanavyomwita mama yao. Toka wamezaliwa."

"Na mama ni nani?"

Mtoto alikuwa bado amekunja uso, kiganja kiko wazi, anamtazama mama mkubwa, anasubiri biskuti yake.

Hapo ndo mayu aliposimama kutoka kwenye mkeka. Sijui nilitegemea nini. Nilidhani atalia. Alivuta khanga yake, akaifunga upya kiunoni, kwa kukaza, kama anaenda shambani.

"Dada," akasema, "ile chumvi. Ulikuwa unaiweka kabla yangu au baada yangu?"

"Chumvi gani, mdogo wangu?"

"Na dawa zangu uliziweka wapi?"

"Zile zilikuwa zinakulewesha, mi niliona..." Mama mkubwa akajishika mdomo. Tayari alikuwa ameshajibu.

"Siku ya bani bega langu lilikuwa limelowa," mayu akasema. Sauti yake haikupanda. "Nimetua ndoo sasa hivi, maji yanachuruzika mgongoni, nimesikia mwanangu analia, nimekimbia kufungua. Ukapiga kelele. Watu wakaniuliza kama ni mimi. Nguo yangu imelowa, dada, na bado nikasema labda. Kwa sababu wewe ndo ulisema. Nilikuamini wewe kuliko mwili wangu mwenyewe."

Baba mkubwa akamwangalia mke wake. "Sema si kweli," akamwambia. Alikuwa anamuomba.

Mama mkubwa hakusema si kweli. Alikunja kitenge chake magotini, akakunjua, akakunja. "Sikutaka afe," akasema. "Nilikuwa nimekaa nje pale pale, sikio liko mlangoni, namsikiliza anavyopumua. Sikuondoka hata kidogo." Halafu ikatoka yote. "Nyie mnanipa watoto kama mnaazimisha jembe! Nalea, naogesha, nakesha na homa zao, mtoto akianza kuongea vizuri mnakuja na baiskeli kumchukua. Hata asante mnamwambia mume wangu, mimi hamniambii. Nikasema safari hii nipate mmoja ambaye mama yake hawezi kuja kumdai. Mmoja tu."

Mi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa mabaya. Nilishayapanga mdomoni. Mayu akaninyooshea kidole bila kugeuka, kama zamani nilipokuwa nataka kujibizana na bibi, nikafunga mdomo. Hiyo tu, kile kidole, kilinifurahisha kuliko kitu chochote mwaka huu. Huyo ndo mama yangu ninayemjua.

"Pole, dada," mayu akasema. "Kwa hao waliochukuliwa, pole, kweli kabisa, na sisi ukoo mzima tulikukosea. Lakini huyu ni wangu, na haendi popote." Akawageukia wanaume. Baba mkubwa, na suti yake, alisogea nyuma kidogo kwenye kochi. "Na nyie, siku nyingine mkifanya kikao cha kunijadili mimi, mnialike. Mniwekee na kiti."

Jirani yetu, mama mmoja mnene anayeuza vitumbua, alikuwa ukutani kwa nje anasikiliza toka mwanzo na wala hakujificha. Akapiga vigelegele. Peke yake, mchana kweupe, akavuta mpaka pumzi ikamwishia, akakohoa. Hata baba mkubwa alishindwa kujizuia, akacheka puani.

Ikaamuliwa pale pale. Mtoto anabaki. Mama mkubwa anarudi Kabungu na mume wake kesho alfajiri. Baba mkubwa alitaka aondoke leo leo, bila kula, na mayu akakataa. Akasema kwenye nyumba yake mtu haondoki na njaa. Wakala wote. Mayu alipika mwenyewe, kuku na wali wa mpunga wetu, na wakati wa kutia chumvi alituita wote tusimame tumwone. Alitia kwa madaha, vidole viko juu, kama mtu wa kwenye tangazo. "Mmeona? Mara moja. Mashahidi mpo?" Baba alicheka mpaka akatoka nje, na alipokaa sana nikaenda kuangalia, nikamkuta amesimama ukutani na hacheki tena. Alirudi, akamwambia mayu mbele ya kaka yake, "Mke wangu, nisamehe." Sijawahi kumsikia baba anasema neno hilo kwa mtu yeyote. Mayu akamuongezea paja la kuku na kumwambia ale kwanza, msamaha unahitaji nguvu.

Mama mkubwa alikula kidogo, jikoni. Mdogo wangu alimfuata huko, sijui kwa nini, na nilipopita nilimkuta amemwekea kipande cha muwa kwenye sahani. Kumchukia ningeweza kirahisi sana, nina umri wa kuchukia vizuri, lakini nilivyomwona anautafuna ule muwa huku analia, chuki ikawa haikai sawasawa. Nimeiacha. Labda itarudi.

Sasa kuna jambo moja limebaki, na ndilo linanifanya niandike badala ya kwenda kuoga. Mayu ametangaza kwamba kesho anaenda hospitali mjini kuchukua dawa upya, na mtoto atambeba yeye. Nikamwambia sawa, nitamsindikiza. Nilisema haraka, mdomo ulishazoea.

Akaacha kufunga mlango wa banda la kuku, akaniangalia. "Kunisindikiza au kunilinda?"

Baba ameshasema amri imefutwa, lakini baba anarudi Litapunga kesho, na mimi ndiye niliyekuwa askari. Macho yangu bado yanamfuata mayu. Hata sasa hivi ninavyoandika, nasikia ndoo inagonga uani na tayari nimeinua kichwa.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi naondoka kabla ya mayu. Nitavaa sketi yangu ya bluu, nitamuaga mayu akiwa anamfunga mtoto mgongoni, nitaenda mjini kwenye cherehani yangu, na nikifika getini sitageuka.